Kura ya muda: Mwenye kadi asiyeonekana daftarini huishia wapi?

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

SI jambo geni katika vituo vya kupigia kura. Mtu amepanga foleni tangu alfajiri, kadi yake ikiwa mkononi. Anafika mbele ya karani, jina linatafutwa mara ya kwanza, linatafutwa mara ya pili, kisha anaambiwa halimo. Nyuma yake foleni inanung'unika. Mawakala wa vyama wanainua shingo kutazama. Msimamizi wa kituo anapaswa kuamua papo hapo.

Katika baadhi ya nchi, mtu huyo hupewa karatasi ya kura pamoja na bahasha. Anapiga kura, bahasha inafungwa na kuwekwa kando, na haki yake inachunguzwa siku zinazofuata. Kura ya namna hiyo inaweza kuitwa kura ya muda, kwa maana kwamba imepigwa lakini bado haijakubaliwa wala kukataliwa.

Sumbawanga, kama kwingineko Tanzania Bara, asiyeonekana daftarini hapewi bahasha. Anarudi nyumbani.

Tofauti ya taratibu hizi mbili inaweza kuonekana ndogo kwa aliyekwisha kupiga kura na kupakwa wino kidoleni. Kwa aliyerudishwa si ndogo hata kidogo, na makala haya yanaeleza jinsi kila utaratibu unavyofanya kazi, na kile kinachopotea katika huu wa kwetu.

Mfano unaojulikana zaidi wa kura ya muda ni wa Marekani. Uchaguzi wa rais wa mwaka 2000 nchini humo uliamuliwa na jimbo la Florida, ambako George W. Bush alimzidi Al Gore kwa kura 537 tu. Baada ya hapo wataalamu wa vyuo vya Caltech na MIT walikadiria kuwa kati ya kura milioni nne na sita zilipotea nchi nzima katika uchaguzi ule, nyingine kwa sababu ya mitambo mibovu na nyingine kwa sababu ya kasoro za madaftari. Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyotiwa saini Oktoba 29, 2002, ambayo pamoja na mambo mengine ililazimisha majimbo yatoe kura ya muda kwa mtu anayedai ameandikishwa lakini haonekani katika orodha. Majimbo machache yaliachwa nje ya sharti hilo, hasa yale yanayoandikisha watu siku ileile ya kura.

Kwa kawaida utaratibu wenyewe huenda hivi. Mpiga kura anatia saini tamko la maandishi kwamba ameandikishwa katika eneo lile na ana sifa za kupiga kura. Anapewa karatasi, anaijaza kwa siri, kisha anaitia ndani ya bahasha isiyo na jina. Bahasha hiyo nayo hutiwa ndani ya nyingine, na hii ya nje ndiyo yenye jina lake, anwani, tarehe ya kuzaliwa, saini na sababu iliyomfanya asipigie kura katika sanduku la kawaida. Anapewa pia karatasi ya maelezo inayomwonyesha njia ya kuuliza baadaye, bila malipo, kama kura yake ilihesabiwa, na kama haikuhesabiwa, kwa nini.

Uchaguzi ukiisha, maofisa wa eneo hulinganisha maelezo ya bahasha ya nje na daftari kuu. Huangalia kama mtu huyo yumo, kama saini zinafanana, kama hakupiga kura mahali pengine, na kama alikwenda katika kituo kinachomhusu. Akikubaliwa, bahasha ya nje hufunguliwa, ile ya ndani huchanganywa na nyingine ili siri ilindwe, na ndipo kura huhesabiwa. Akikataliwa, bahasha haifunguliwi kabisa. Hutunzwa ikiwa imefungwa, na sababu ya kukataliwa huandikwa.

Utaratibu huo ulitumika nchi nzima kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Takriban watu milioni 1.9 walipiga kura ya muda, na kura za zaidi ya milioni 1.2 kati yao zilihesabiwa. Kwa maneno mengine, watu zaidi ya milioni moja ambao chini ya utaratibu mwingine wangeweza kurudishwa mlangoni walikuwa, kwa kweli, na haki ya kupiga kura.

Mwaka huohuo utaratibu ulionyesha pia udhaifu wake. Usiku wa uchaguzi, matokeo ya rais yalining'inia katika jimbo la Ohio. Bush alikuwa akiongoza huko kwa kura zaidi ya 130,000, na bahasha zaidi ya 150,000 za kura za muda zilikuwa hazijafunguliwa. Kwa saa kadhaa haikujulikana kama taifa zima lingesubiri bahasha hizo. Mpinzani wake, John Kerry, alikubali kushindwa Novemba 3, baada ya kuona kwamba hata zikihesabiwa zisingetosha. Kama pengo lingekuwa dogo zaidi, kila bahasha ingegeuka kesi.

Tukirudi Rukwa, mtu angeweza kudhani kwamba mambo ya Ohio hayatuhusu. Lakini hebu tuchukue mfano wa kijana aliyejiandikisha Laela, ambaye sasa anaendesha bodaboda mjini Sumbawanga. Siku ya kura anaona uvivu wa kupanda basi, au hana nauli, anaamua kwenda kituo cha jirani na anakolala. Yeye ni Mtanzania, ana umri unaotakiwa, ameandikishwa na kadi anayo. Lakini jina lake liko Laela.

Hapa jina la Sumbawanga lenyewe huwachanganya watu. Kuna Halmashauri ya Manispaa ya Sumbawanga, yenye jimbo la Sumbawanga Mjini. Kuna pia Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, ambayo jimbo lake ni Kwela, na Laela iko huko. Mtu anaweza kusema "nimejiandikisha Sumbawanga" akawa mkweli, na bado akawa amesimama katika jimbo lisilo lake.

Mpiga kura wa uchaguzi mkuu hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kwa kijana wetu wa Laela, karatasi ya rais ingekuwa ileile popote nchini. Ya mbunge isingekuwa yake, kwa kuwa mbunge wake ni wa Kwela. Ya diwani vivyo hivyo. Hata kama Tanzania ingekuwa na bahasha za kura ya muda, lingebaki swali: ahesabiwe kura ya rais peke yake, au akataliwe zote tatu?

Majimbo ya Marekani yamegawanyika katika jambo hilo hilo. Mengine huhesabu sehemu ya kura inayomhusu mpiga kura na kuacha nyingine. Mengine hutupilia mbali karatasi nzima kwa sababu tu imepigwa kituo kisicho chake. Afrika Kusini iliwahi kulegeza kamba zaidi. Chini ya kifungu cha 24A cha sheria yake ya uchaguzi, mpiga kura aliyekuwa nje ya eneo lake aliweza kujaza fomu maalumu kituoni na kupiga kura ya kitaifa. Malalamiko yalipozidi, hasa baada ya uchaguzi wa mwaka 2019, masharti yalikazwa, na katika uchaguzi wa mwaka 2024 aliyetaka kupiga kura nje ya eneo lake alitakiwa kutoa taarifa mapema.

Kwa wakazi wa Rukwa suala la kuhama si la vijana wa bodaboda pekee. Wapo wakulima wenye nyumba juu, katika uwanda wa Ufipa, na mashamba chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa. Wapo wavuvi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kirando, Kipili na Kasanga, wanaohama kambi kwa kufuata dagaa na migebuka. Uchaguzi mkuu hufanyika mwishoni mwa Oktoba, wakati mkulima anaandaa shamba akisubiri mvua. Mtu wa namna hii hakukosa kujiandikisha. Alijiandikisha alipokuwa, na siku ya kura yuko kwingine.

Tanzania imechagua kumaliza swali la nani ana haki ya kupiga kura kabla ya siku yenyewe. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandaliwa Oktoba 2004 na kutumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2005, uliofanyika Desemba 14 baada ya kuahirishwa kutokana na kifo cha mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe. Mwaka 2015 daftari liliandikwa upya kwa teknolojia ya alama za vidole, kazi iliyoanzia Makambako, mkoani Njombe. Sheria inataka daftari liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine.

Uboreshaji kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2025 ulianzia Kigoma, Julai 20, 2024, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, iliyopata jina na sheria yake mpya mwaka huohuo. Kisha daftari la awali likabandikwa ili wananchi walikague, waombe marekebisho au kuweka pingamizi dhidi ya wasiostahili. Huo ndio wakati ambapo kosa la jina, la kituo au la picha hurekebishwa bila bughudha. Wanaokwenda kukagua si wengi. Mwandishi huyu amewahi kusimama mbele ya karatasi hizo zikipeperushwa na upepo ukutani, na aliyekuwa akizisoma pamoja naye alikuwa mlinzi wa ofisi.

Mkanganyiko mwingine ulitokana na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Uchaguzi huo ulisimamiwa na Tamisemi, na wapiga kura wake waliandikishwa katika orodha ya kijiji au mtaa, Oktoba 11 hadi 20 mwaka huo, bila kupewa kadi. Orodha hiyo si Daftari la Kudumu. Viongozi walilisema jambo hili mara nyingi, lakini ni rahisi kuelewa kwa nini mwananchi aliyeandika jina lake mbele ya karani Oktoba angedhani ameshamaliza. Yeye aliona daftari, akaona kalamu, akatia saini.

Upo mlango mmoja uliofunguliwa kwa wenye shida siku ya kura. Aliyepoteza kadi, au ambaye kadi yake imeharibika, anaweza kuruhusiwa kutumia pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha Taifa, ilimradi amo katika daftari la kituo kile na majina yanalingana. Utaratibu huo ulitangazwa katika uchaguzi wa mwaka 2020 na tena mwaka 2025. Ni msaada mkubwa kwa asiye na kadi lakini mwenye jina. Kwa mwenye kadi lakini asiye na jina, hausaidii kitu.

Kura zenyewe huhesabiwa hapo hapo kituoni, mara baada ya kituo kufungwa saa 10:00 jioni na waliokuwa katika foleni kumaliza. Msimamizi hulinganisha idadi ya karatasi alizopokea, zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki. Sanduku hufunguliwa mbele ya mawakala, kila karatasi huonyeshwa, zenye utata hujadiliwa na msimamizi huamua. Wakala asiyeridhika anaweza kuomba zihesabiwe upya. Matokeo huandikwa katika fomu, mawakala hutia saini, na nakala hubandikwa nje. Katika kesi za uchaguzi wa mwaka 2010 na 2015, fomu ya matokeo ya ubunge ya kituo, Namba 21B, ilikuwa miongoni mwa vielelezo vilivyogombewa zaidi mahakamani.

Hapa inafaa kutenganisha vitu ambavyo huchanganywa hata na baadhi yetu waandishi. Karatasi iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura ameikosea kabla ya kuitumbukiza, akairudisha na kupewa nyingine. Kura iliyokataliwa ni ile iliyokutwa ndani ya sanduku lakini haikubaliki, kwa mfano imewekwa alama kwa wagombea wawili, haina alama yoyote, au imeandikwa jambo linalomtambulisha mwenyewe. Kura ya muda si mojawapo ya hizo. Inaweza kuwa imejazwa vizuri kabisa, na shaka iliyopo ni juu ya mtu aliyeijaza.

Kura zilizokataliwa zina hesabu yake. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2010 zilikuwa 227,889. Mwaka 2015 zilifika 402,248, karibu asilimia 2.6 ya kura zote zilizopigwa. Takwimu hizo zinaweza kujadiliwa, kulinganishwa na kuulizwa maswali. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ziliongezeka, na kama elimu ya mpiga kura ilitosha.

Mwenye kadi aliyerudishwa mlangoni hamo katika hesabu hizo. Hamo katika kura halali wala katika zilizokataliwa. Kama jina lake liko kituo kingine, kitabu kitamhesabu miongoni mwa walioandikishwa wasiojitokeza, pamoja na aliyelala nyumbani. Kama jina limefutika kwa makosa, hamo popote. Mwaka 2010 wapiga kura walioandikishwa walikuwa 20,137,303 na waliopiga kura ni 8,626,303. Kati ya wale milioni 11.5 ambao hawakupiga, wangapi walifika kituoni wakarudishwa? Fomu za matokeo hazina mstari wa kuwaandika, kwa hiyo hakuna anayeweza kujibu, awe wa Tume au wa upinzani.

Ipo hali nyingine iliyo tofauti kidogo: mtu anafika na kukuta tayari kuna aliyepiga kura kwa jina lake. Nchini Uingereza na katika nchi nyingi zilizorithi sheria zake, mtu huyo hupewa karatasi ya rangi tofauti, ambayo haitumbukizwi katika sanduku bali hufungwa katika pakiti yake. Haihesabiwi usiku ule. Huhesabiwa tu mahakama ikiamuru. Huko India, mwaka 2008, mwanasiasa C. P. Joshi alishindwa kiti cha Nathdwara katika bunge la jimbo la Rajasthan kwa kura moja, na mgogoro juu ya kura za aina hiyo ulifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, iliyotoa uamuzi wake mwaka 2011. Pakiti ambayo kwa kawaida hakuna anayeikumbuka iligeuka kuwa jambo kubwa kuliko kampeni nzima.

Kwa nini basi tusiwe na bahasha? Hoja za kupinga si dhaifu. Kwanza, matokeo yanayobandikwa mlangoni usiku uleule ni kinga kubwa dhidi ya uchakachuaji, kwa sababu kila kijiji kinajua namba yake. Bahasha zisizofunguliwa zingefanya namba hiyo isiwe ya mwisho. Pili, zingetakiwa kusafirishwa. Kutoka Kasanga hadi Sumbawanga kupitia Matai ni kilometa 112, na kutoka bondeni magari hupanda kuta za uwanda wa Ufipa kwa njia ambazo mvua za kwanza huziharibu. Nani angelala na bahasha hizo? Chama gani kina mawakala wa kutosha kuzilinda kwa siku saba? Tatu, pale ambapo imani kwa wanaosimamia uchaguzi ni ndogo, kundi la kura linaloamuliwa baadaye ndani ya chumba cha halmashauri lingeongeza tuhuma badala ya kuzipunguza.

Imani hiyo imepitia majaribu makali. Siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 iligubikwa na maandamano, vurugu na kukatwa kwa intaneti, na mjadala wake ni mpana kuliko suala la bahasha. Mtu anayependekeza kura zihifadhiwe zihesabiwe baadaye katika mazingira hayo hana budi kwanza aeleze nani atakayeshika ufunguo.

Lakini kati ya bahasha na kurudishwa mikono mitupu kuna nafasi. Kenya, katika uchaguzi wa mwaka 2017 na wa 2022, mpiga kura ambaye mashine haikutambua alama zake za vidole alitafutwa kwa namba ya kitambulisho. Akionekana, Fomu 32A ilijazwa mbele ya mawakala, kisha akapiga kura katika sanduku la kawaida. Fomu hiyo haimsaidii ambaye hayumo kabisa. Faida yake ni kwamba jambo lisilo la kawaida lililotokea kituoni linabaki katika maandishi, na idadi yake inaweza kujumlishwa.

Kwetu ingetosha kuanza na karatasi moja katika kila kituo: jina la aliyerudishwa, namba ya kadi yake, sababu aliyopewa, na saini za mawakala. Haingebadili matokeo ya usiku ule wala kumpa mtu asiyestahili kura. Ingeonyesha tu kama waliorudishwa Sumbawanga Mjini ni watano au mia tano, na kama wengi wao ni wa Kwela waliokosea jimbo au ni watu ambao Tume yenyewe iliwapoteza.

Mahakamani mwananchi wa kawaida asitegemee mengi. Matokeo ya rais yakishatangazwa na Tume, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuyachunguza. Ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu, na Sumbawanga inaijua njia hiyo: Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ushindi wa mwaka 2010 wa Aeshi Hilaly wa CCM katika jimbo la Sumbawanga Mjini. Hakuna uchaguzi mdogo uliofanyika baada ya hapo, na Hilaly alichaguliwa tena mwaka 2015. Kesi za aina hiyo huchukua muda mrefu na gharama kubwa, na anayezifungua mara nyingi ni mgombea aliyeshindwa. Mtu mmoja aliyerudishwa kituoni hana mgombea wa kumlipia wakili, isipokuwa tofauti iwe ndogo kama ya Nathdwara.

Kwa hiyo, kwa sheria ilivyo, kazi yote iko kabla ya siku ya kura. Aliyehama kutoka kata au jimbo moja kwenda jingine anapaswa kwenda katika kituo cha kuandikisha cha anakoishi sasa wakati wa uboreshaji, akiwa na kadi yake ya zamani, na kuomba taarifa zake zihamishwe. Maombi ya kuhamisha au kurekebisha taarifa yanaweza pia kuanzishwa kwa mtandao, kisha mwombaji akamalizia kituoni. Ambaye kadi yake imepotea au imefutika maandishi naye hutoa taarifa hapo hapo. Katika mzunguko wa mwaka 2024 na 2025 kila eneo lilipewa siku saba tu za kazi hiyo, na mabango ya tarehe yalibandikwa katika ofisi za kata na vijiji.